Tangazo Lisilotaja Bei, Makubaliano Yasiyotaja Siku

Pitia magrupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa Tanga jioni yoyote, utakutana na jambo lile lile: picha nzuri ya bidhaa, vikopa vitatu vyekundu, kisha maneno "Mzigo mpya umeingia, bei njoo inboksi." Chini yake watu wanauliza. Mmoja anataka bei, mwingine anataka kujua duka liko wapi, wa tatu anauliza kama mzigo unatumwa Korogwe. Mwenye tangazo anajibu wawili, waliobaki wanasahaulika, na kesho yake picha inarudi na vikopa vyake.

Wafanyabiashara wetu wadogo hawakosi ufundi wa maneno. Tanga ni mji wa watu wanaojua kusema. Kinachowaponza ni kwamba wakishika simu au kalamu wanasahau jambo moja: anayesoma hana wa kumuuliza. Tangazo, karatasi ya makubaliano na fundi, risiti, andiko la kuombea mkopo, vyote huharibikia hapo. Mwandishi anaandika anachotaka kusema, na maswali ya msomaji yanabaki hewani.

Nenda Soko la Mgandini asubuhi, usimame karibu na muuza nazi.

"Shikamoo mama. Nazi shilingi ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Hizi kubwa elfu moja na mia mbili, zile ndogo mia nane."

"Zina tui kweli?"

"Za Pangani hizi. Chagua nikuvunjie uone."

"Nikichukua kumi?"

"Ukichukua kumi nakuongeza moja."

Haikufika dakika. Mama ametaja bei, ukubwa, zilikotoka, ushahidi wa ubora na nafuu ya anayenunua nyingi. Hakuna mtaalamu wa masoko atakayemwongezea kitu hapo. Sasa mpe simu aandike tangazo la nazi zile zile, utasoma: "Nazi bora kabisa zinapatikana kwa bei nafuu, wote mnakaribishwa." Bei imepotea, Pangani imepotea, ya kumi na moja imepotea. Sokoni maneno yake yalivutwa na maswali ya mteja. Kwenye simu hakuna aliyemuuliza, basi akaandika jinsi anavyodhani tangazo linatakiwa lisikike.

Ndiyo maana nawashauri wafanyabiashara waanze na jumbe walizokwisha kupokea. Fungua simu yako, rudi nyuma wiki mbili, uandike pembeni kila swali lililoulizwa zaidi ya mara moja. Hayo ndiyo tangazo lako, nayo tayari yamepangwa kwa uzito, kwa sababu wateja wenyewe huanza na linalowauma zaidi. Mara nyingi la kwanza ni bei.

Hapa wengi hunikatalia, na sababu zao si za kupuuza. Wanasema ukitaja bei jirani anashusha mia mbili anakuvutia wateja. Wanasema bei yetu ni ya kupatana, ukiiandika umejifunga. Wengine wanataka kwanza wamwone mteja ni wa namna gani. Nimezisikiliza hoja hizi na bado naona hasara inazidi. Jirani anayetaka kujua bei yako anaijua, anamtuma mtoto tu dukani. Anayefichwa ni mteja wa mbali, aliyeko Handeni au Lushoto, anayelinganisha wauzaji wanne kwa bando la jero. Huyo haji inboksi. Anakwenda kwa aliyeandika. Na kupatana hakuzuiwi na maandishi: andika "kuanzia", andika bei ya moja na bei ya dazeni, andika "anayechukua trei tano tunazungumza". Mteja akishajua pa kuanzia, mapatano yanakuwa mafupi na hayana kinyongo. Kuhusu kumpima mteja kwanza, sina la kuongeza ila kwamba wateja wanalijua hilo na hawalipendi.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Dada anakamua mafuta ya nazi nyumbani Makorora, na tangazo lake lilikuwa hivi:

"MAFUTA YA NAZI ORIJINO!!! Asilia 100%. Yanakuza nywele, yanang'arisha ngozi, yanatibu kisukari, presha na vidonda vya tumbo. Ubora wa hali ya juu. Bei poa. Tunatuma mikoa yote. Karibuni sana."

Maneno mengi, na hakuna mahali ambapo mnunuzi anaweza kushika. "Orijino" kila mtu anaandika. "Ubora wa hali ya juu" hata mwenye mafuta mabovu anaandika. Sentensi ambayo mshindani wako anaweza kuinakili bila kubadili neno haijakuuza wewe. Baada ya kuulizana maswali, tangazo likawa hivi:

"Mafuta ya nazi ya kukamuliwa kwa mkono, nazi za Pangani. Yamekamuliwa wiki hii. Chupa ya nusu lita Sh 12,000, lita moja Sh 22,000. Hayajachanganywa na mafuta mengine: yaache mahali pa baridi, yataganda yawe meupe. Ya kupikia na ya kupaka. Napatikana Makorora kila siku saa 3:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Mikoani natuma kwa basi kutoka stendi ya Kange, nauli ya mzigo analipa mpokeaji. Malipo kwa lipa namba."

Si refu kuliko la kwanza kwa kiasi cha kutisha, lakini linajibu. Neno "asilia" limeondoka, na mahali pake pamekaa jambo ambalo mnunuzi anaweza kulijaribu mwenyewe jikoni. Mafuta halisi ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwenye joto letu la Tanga yatakuwa maji, na mteja wa Lushoto atayapokea yameganda. Mtu asiyeambiwa hilo anapiga simu kulalamika kwamba ametumiwa mafuta mabovu. Aliyeambiwa anafurahi kuona yameganda. Maelezo yale yale yamekuwa sifa ya bidhaa na kinga dhidi ya ugomvi.

Kilichonikaa rohoni zaidi ni yale ya kisukari na presha. Hili nalisema bila kulainisha: anayeuza mafuta, asali au unga wa mlonge akaandika kwamba vinatibu kisukari, anaweza kumfanya mgonjwa aache dawa za hospitali. Mbali na dhambi yake, kuna sheria. Ukidai kitu kinatibu ugonjwa umekitoa kwenye chakula na vipodozi umekiingiza kwenye dawa, ambako kuna mamlaka na vibali vyake. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kumpotosha mnunuzi. Haisemi kwamba mdogo ameachiwa. Vivyo hivyo kwa alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Tangu 2019 usimamizi wa vyakula na vipodozi uko TBS, na mjasiriamali mdogo anaweza kupitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, akapata barua ya utambulisho na mwongozo wa kuanzia. Kama bado hujaipata alama, usiandike "imethibitishwa". Andika ulichonacho. Siku ukiipata, iweke juu kabisa.

Kipimo nacho kinastahili neno. Muuza machungwa wa Muheza akiandika "gunia Sh 40,000" bado hajasema kitu, kwa sababu gunia lililoshonwa mdomoni na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo, ni vitu viwili tofauti, na mnunuzi wa Dar es Salaam anafikiria lile linalomfaa. Andika kilo, au idadi ya machungwa. Ndoo iseme ni ya lita ngapi, fungu la dagaa liwekwe kwenye mizani walau mara moja ili ulijue mwenyewe. Saa pia zinatuchanganya siku hizi. Ukiandika "tunafungua saa 8:00" mmoja anasoma saa nane mchana, mwingine anaangalia simu yake inayosema 8:00 anakuja asubuhi akute mlango umefungwa. Ongeza "asubuhi" au "mchana", gharama yake ni neno moja. Mahali vivyo hivyo: "Ngamiani" ni kubwa, taja barabara ya ngapi na jengo ambalo hata bodaboda aliyehamia juzi analijua.

Wapo watakaoniambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali ni ya kweli pale ambapo mnunuzi yupo mbele ya kitu, anakigusa, anakinusa. Kwenye kioo cha simu kizuri na kibaya vina picha inayofanana, na pengine kibaya kina picha nzuri zaidi. Hapo kizuri kisipoelezwa kinabaki kimekaa. Na wale wa "biashara matangazo" nao wasidhani kurudia tangazo bovu mara kumi kunalitengeneza.

Sasa nije kwenye karatasi, ambako naona machozi zaidi. Tangazo bovu linakukosesha mteja mpya. Makubaliano mabovu yanakupotezea mteja uliyekwisha kumpata, tena pamoja na ndugu zake.

Fundi seremala wa Mabanda ya Papa anapokea kazi ya milango. Mteja anatoa malipo ya awali, fundi anachana karatasi kwenye daftari anaandika: "Nimepokea Sh 300,000 ya milango. Bado 300,000." Saini, tarehe, kwisha. Wiki tano baadaye mteja anakuja juu. Yeye alijua milango ni ya mninga, fundi amepiga mbao nyingine. Yeye alijua fremu zimo kwenye bei. Alijua vitasa vinawekwa. Alijua ni kabla ya harusi ya mwanawe. Fundi naye anasema mbao zimepanda, na kwamba fremu haikutajwa. Wote wawili wanaapa, na ninaamini wote wawili ni wakweli. Kila mmoja anakumbuka mazungumzo yale kwa namna iliyomfaa. Karatasi ingeamua, lakini karatasi inajua shilingi laki tatu tu.

Wakili hahitajiki hapa. Nusu ukurasa inatosha: "Milango mitatu ya mninga, kila mmoja futi 7 kwa futi 3, pamoja na fremu na bawaba. Vitasa ananunua mteja. Vanishi mara mbili. Bei yote Sh 600,000, haibadiliki hata mbao zikipanda. Imelipwa Sh 300,000 leo, iliyobaki italipwa siku ya kufunga milango. Kazi itakamilika tarehe 14 Agosti. Ikichelewa zaidi ya siku saba kwa sababu ya fundi, mteja atapunguziwa Sh 30,000." Nakala mbili, saini mbili, namba za simu, na picha ya karatasi kwenye simu ya kila mmoja. Angalia kwamba mwezi umeandikwa kwa jina, usije ukapata watu wawili wanaobishana kama 05/06 ni ya Mei au ya Juni. Angalia pia ile sentensi ya mbao kupanda. Fundi akiona hawezi kuahidi hivyo, basi aseme siku ile ile na waandike jinsi watakavyogawana ongezeko. Kuandika kunalazimisha watu kuzungumza jambo ambalo aibu ilikuwa inawafanya waliruke, na faida hiyo inapatikana hata kama karatasi yenyewe haitasomwa tena.

Nikilisema hili mtaani, jibu linalonirudia ni "sisi tunaaminiana". Kwamba kumwandikisha mtu ni kumvunjia heshima, hasa akiwa jirani, mkwe au mtu wa msikiti mmoja. Naelewa uzito wake, watu wa pwani tunaishi kwa kustahiana. Lakini Waislamu, ambao ndio wengi katika mitaa yetu, wana jambo hili mbele yao. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni lenye muda maalumu. Inaelekeza liandikwe, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake, na kuwe na mashahidi. Tena inaagiza kwamba anayeimla maneno ni yule mwenye kudaiwa. Zingatia busara iliyomo: mdaiwa akiitamka ahadi kwa kinywa chake, hawezi kesho kusema hakuielewa. Agizo hilo waliambiwa waumini, watu waliotarajiwa kuaminiana. Kuandikiana kunalinda udugu, maana ugomvi wa laki tatu umetenganisha ndugu wengi kuliko karatasi.

Na kwa upande wa mwenye duka, wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mikopo lenye "Mama Asha 4,500" na lisilo na tarehe wala bidhaa ni daftari kwa jina tu. Mama Asha yupi, wa nini, tangu lini?

Kuna ugonjwa mwingine ambao umekuja na intaneti: hati za kunakili. Kijana anafungua ofisi ndogo ya kufunga kamera au kutengeneza tovuti, anatafuta mkataba mtandaoni, anaweka jina lake. Kurasa sita za Kiingereza kizito, na ndani yake kifungu kinachosema mgogoro utaamuliwa kwa sheria za nchi ya mbali. Mteja wake wa Chumbageni anasaini bila kusoma, naye mwenye hati hajaisoma. Kinachowaongoza hasa ni yale waliyosemezana mdomoni, na siku ya mgogoro kinachotazamwa kwanza ni kile kilichosainiwa. Hakuna sababu ya kujitesa hivyo. Makubaliano ya Kiswahili ni makubaliano kamili. Mahakama ya mwanzo, ambako kesi nyingi za wafanyabiashara wadogo huanzia, imekuwa ikiendesha mambo yake kwa Kiswahili miaka yote, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa jumla. Andika kwa lugha ambayo wewe na mteja wako mnagombana na kupatanishwa kwayo.

Katika kundi hilo naiweka ile sentensi iliyopigwa muhuri chini ya risiti nyingi: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Wenye maduka wanaiamini kupita kiasi. Sheria ya Ushindani ina sehemu nzima inayohusu masharti yanayohesabika kuwemo katika mauzo kwa mlaji, yawe yameandikwa au la, na muhuri wa mpira hauyafuti. Ukiuza feni isiyozunguka, uwe umeandika "hairudishwi" au hukuandika, una mzigo. Ingekufaa zaidi kuandika unachokubali kwa kweli: "Kifaa cha umeme kikiwa na hitilafu, kirudishe ndani ya siku 7 pamoja na risiti tutakibadilisha. Nguo iliyovaliwa hatupokei." Maneno haya yanauza pia. Mteja anayesitasita kati ya duka lako na la jirani anayasoma na kuingia kwako.

Kwenye proforma (karatasi ya bei kabla ya mauzo) na invoisi (hati ya kudai malipo) nitapita haraka, maana kosa ni lile lile. Kama umesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, sema kama bei uliyotaja ina ile asilimia 18 ya kawaida ndani yake au itaongezwa, kwa sababu tofauti ya Sh 180,000 kwenye kila milioni imevunja biashara nyingi dakika ya mwisho. Sema bei hiyo inadumu hadi lini. Sema usafiri ni wa nani. Na usimpe mteja proforma akadhani ni risiti.

Andiko la mkopo linahitaji kukaa kidogo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vya vijana na 2 vya watu wenye ulemavu. Kikundi kinatakiwa kieleze mradi wake kwa maandishi, na hapo watu wenye biashara inayotembea kabisa wanaanguka. Wengi humlipa mtu wa steshenari awaandikie, naye anawapa kile alichowapa wengine: "Kikundi chetu kina lengo la kujikwamua kiuchumi na kupambana na umaskini kwa kuunga mkono jitihada za serikali." Afisa maendeleo ya jamii amekwisha kuisoma sentensi hiyo kwa kila kikundi katika kata. Maswali yake mwenyewe yako wazi: mnafanya nini sasa, mnataka shilingi ngapi za kufanyia nini, na mtarudisha kutoka wapi.

Kikundi cha akina mama wanaofungasha pilipili manga kutoka Amani wanaweza kumjibu kwa mistari michache, kwa mfano hivi: "Tuko kumi. Tangu Januari tunauza pakiti 500 za gramu 100 kwa mwezi, kwa kusagia kwenye mashine ya kukodi. Maduka yaliyotuagiza yanataka pakiti 1,200, orodha yao na namba zao tumeambatanisha. Tunaomba Sh 6,000,000: mashine ya kusaga Sh 3,400,000, pilipili kilo 300 Sh 1,800,000, vifungashio Sh 500,000, vibali na usafiri Sh 300,000. Kila pakiti inatubakizia Sh 400 baada ya gharama. Pakiti 1,200 zitatubakizia Sh 480,000 kwa mwezi. Tutarejesha Sh 250,000 kila mwezi kwa miezi 24." Kisha waongeze mistari miwili kuhusu jambo ambalo kila mkopeshaji analiwaza na waombaji wanaliogopa, yaani mambo yakienda kombo: "Tukiuza pakiti 700 tu, tutabakiwa na Sh 280,000, bado marejesho yanatoka, ila hatutagawana faida mwezi huo. Tumekubaliana hivyo kwenye kikao, na muhtasari wenye saini zetu kumi uko ukurasa wa mwisho."